Foto ya komunyo: mama alilipa, lakini ile kubwa aliiacha. Niambieni kweli

mupiga_birere (Goma)

Salamu bakubwa na badogo. Niko na swali na naomba munijibu bila kunihurumia, juu hapa kwetu kila mutu mwenye naonyesha foto anasema "iko muzuri", mama yangu anasema iko muzuri, bamotari ba pale ku parkingi banasema iko muzuri, na mimi sijuwe tena kama niko naendelea ao niko nazunguka pale pale.

Habari iko hivi. Jumapili moja ya mwezi huu jirani aliniita nipige foto za komunyo ya kwanza ya binti yake. Myaka tisa, nguo nyeupe mpaka karibu na chini, taji ya maua, mshumaa mukononi. Tulipatana foto kumi za kawaida na moja kubwa ya 30 kwa 45 ya kuweka mu kadre ku salon. Nilipiga, nikatoa, nikapeleka. Mama akaangalia moja moja, akafika ku ile kubwa, akaishika muda murefu, akasema "sawa". Sawa tu. Akalipa zote, ata ile kubwa, kisha akaniambia "hiyo baki nayo kwanza, nitatuma mutoto aichukue". Leo ni siku ya tisa na hakuna mutoto mwenye amekuja. Foto iko juu ya kabati yangu inaniangalia.

Nimeiweka hapo juu muione. Kwa bale benye intaneti yao haifungui: katoto kamesimama mbele ya ukuta ya mawe meusi ya volkano, ule ukuta wa parseli yao, mshumaa mbele ya kifua, anacheka kidogo. Ilikuwa saa sita, nyuma ya misa. Aparei ni Canon 1200D ya mukono ya pili na ile obyektifu (kioo ya mbele) ya 50 mm f/1.8, nilifungua tundu yake ya mwangaza mpaka mwisho, f/1.8, ili nyuma ifutike. ISO 100, yaani ile ya chini, aparei isinywe mwangaza mingi.

Nilikosea wapi? Feza nilipata, siyo shida ya feza.

Neema_Nguba (Bukavu)

Mi naona iko bien yaya, katoto kanapendeza sana 😍 usijali ya mama, pengine hana kadre bado

fundi_mwanga (Goma, Himbi)

Neema usikasirike lakini hiyo njo jibu yenye ndugu yetu amesema inamuchosha haha.

Bon, nimeifungua ku ordinateri siyo ku telefone. Nianze na nguo. Angalia kifua, kwa mukono wa kushoto wa katoto, pale kulikuwa dantela najua juu ku mukono wa kuume bado inaonekana kidogo. Kushoto hakuna dantela, hakuna mukunjo, hakuna kitu, ni karatasi nyeupe. Imeungua. Mama alinunua nguo yenye dantela na wewe ukamurudishia shuka.

Na siyo bahati mbaya, kuna sababu mbili na zote mbili ziliingia pamoja. Ya kwanza, ule ukuta mweusi. Aparei haijui kama pale ni mawe ya Nyiragongo, yenyewe inafikiri dunia nzima iko rangi ya majivu, ya katikati, basi ikiona nyeusi imejaa mu foto inasema "hapa kuna giza" na inaongeza mwangaza. Ukuta unakuwa wa majivu, na nguo inalipa deni. Sisi ba Goma tungepashwa kujua hiyo mbele ya batu bote, mawe meusi tunalala nayo, tunajenga nayo, tunatembea juu yake. Kuna kabutoni kenye alama ya + na −, ukikashika unazungusha kale kagurudumu unashusha mpaka −1 ao ata zaidi, kisha unaangalia kama nguo imerudi.

Ya pili ni ile f/1.8. Jua la saa sita, ISO 100, f/1.8: hesabu yake inaitisha mbio ya karibu 1/8000 ya sekunde. 1200D mwisho wake ni 1/4000. Yaani ata kama aparei ingepima vizuri kabisa, haikuwa na mbio ya kutosha. Wakati ulikuwa unapiga, mule ndani hakukuwa namba inapepesa? Ile ilikuwa inakuambia "patron, nimefika mwisho". Na f/1.8 yenyewe ilikusaidia nini? Mutoto amesimama hatua moja ku ukuta, nyuma haikufutika, mawe yote naweza kuhesabu. Ila macho, kuza foto uone, macho iko flu kidogo (haiko safi) na mshumaa iko safi kabisa. Fokasi ilikamata mshumaa. Ungefunga tundu mpaka f/5.6, mshumaa na macho vyote vingekuwa safi, na ukishusha pia ile ya + na −, nguo haingeungua.

Kicheko chake uliweza kukamata na hiyo haifundishwi. Ila taa, hapana.

mupiga_birere (Goma)

Aksanti yaya fundi, ile ya 1/4000 sikuijua, kweli ilikuwa inapepesa na mimi nikafikiri ni batri. Lakini niseme kidogo juu ya f/1.8: bateja banapenda nyuma ifutike, njo kitu inatofautisha aparei na telefone, kama nafunga mpaka f/5.6 mutu ananiuliza mbona nakulipa wakati telefone ya Tecno ya mutoto wangu inatoa vile vile. Na saa sita siyo mimi nilichagua, misa iliisha saa ile, bageni banangojea kula.

Na tena nasoma mahali ginsi aparei hazikutengenezwa kwa ngozi yetu, kwa hiyo sura ya mutoto kuwa na giza chini ya macho siyo kosa yangu yote.

lushi_picha (Lubumbashi)

Salut ba Goma. Mi minaona bote munaangalia nguo na hakuna mwenye amesema ya ile bidon ya njano, kule chini pembeni ya kuume, nusu imekatwa. Jicho yangu inaenda pale mbele ya kuenda ku mutoto. Njano juu ya nyeusi, inaita.

Lakini sisemi toa. Sikieni. Hapa kwetu tuko na Sammy Baloji, mutoto wa Lubumbashi, alichukua batu ba mu foto za zamani za wakati ya bakoloni akabaweka mbele ya mashini zenye kufa za Gécamines, ile kampuni ya madini, na ukiangalia unaelewa kama nyuma ya mutu siyo uchafu, nyuma ya mutu ni maneno. Kwa hiyo ile bidon ni maneno. Uliza weye mwenyewe: ilikuwa maneno yako ao ilijiingiza? Kama ni yako, ingiza bidon nzima, mutoto wa komunyo na bidon ya mayi, ile ni Goma, ata mutu wa hapa anajua. Kama siyo yako, isukume na mguu. Nusu bidon haiko kitu.

Neema_Nguba (Bukavu)

Bidon ku foto ya komunyo??? Mama atakufukuza na fimbo

lushi_picha (Lubumbashi)

Neema mi nilisema AULIZE 😂

muzee_wa_filimu (Bukavu, Kadutu)

Mutoto wangu wa Birere, nimesoma yote mara mbili. Mimi nilikuwa na studio ndogo wakati wa filimu, kopo moja foto 36, ukikosea umekula chakula cha watoto wako. Nitasema mawili tu, ya tatu ni swali.

Kwanza hiyo ya ngozi. Ni kweli, na mimi niliiishi. Maabara walikuwa wanapimia rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi hizo zilianza miaka ya 1950 na jina lake lilikuwa Shirley, na foto zetu zilirudi nguo inang'aa na sura ni shimo lenye meno. Tulikuwa tunapaka watu poda, tunawapeleka kivulini, tunapigana na mashini. Lakini wewe leo una kioo nyuma ya aparei, unaona pale pale, na unaweza kupima mwangaza juu ya shavu la mutoto peke yake. Usijifiche nyuma ya Shirley. Giza chini ya macho yake ni jua la saa sita, hapa kwetu karibu na ikweta saa ile linasimama juu ya kichwa kama mwanajeshi, kila mutu anakuwa na mashimo mawili, mweusi kwa mweupe. Ungemuvuta mutoto hatua mbili chini ya kivuli cha bati la nyumba, uso kuelekea uwanja, na nguo nyeupe yenyewe ingemurudishia mwangaza kidevuni. Nguo nyeupe ni taa ya bure.

Pili, ya nyuma kufutika. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, alikuwa anapigia watu uani kwa mwangaza wa mchana, nyuma amening'iniza kitambaa, basi. Hakufuta kitu. Watu walikuja ionekane saa yao, pete yao, nguo yao, mpaka vidole. Kitenge kizuri kwenye ukuta wa mawe kingekufanyia kazi kuliko f/1.8 yako, na Tecno ya mutoto wa mutu haina kitenge.

Sasa swali. Hapa tumekuwa watu wanne tunabishana kwa nini mama aliacha foto. Mama mwenyewe ulimuuliza?

mupiga_birere (Goma)

Hapana muzee. Niliona haya.

fundi_mwanga (Goma, Himbi)

Aaaah. Muzee ametuumiza bote. Mimi niliandika mistari ishirini ya 1/8000 na sikuwaza ile.

muzee_wa_filimu (Bukavu, Kadutu)

Usiende kumuuliza "foto iko muzuri?" maana atakuambia iko muzuri. Mutu wa kwetu hawezi kukuumiza uso kwa uso, na ni jirani. Mupelekee foto mukononi, mwambie "mama, nataka kuipiga tena bure, nionyeshe na kidole mahali nibadilishe". Kidole hakina haya.

mupiga_birere (Goma)

Nimerudi. Samahani siku tatu hakukuwa moto (umeme), telefone ilikuwa inachaji kwa jirani mwenye panneau ya jua.

Nilienda jana magaribi. Nilifanya vile vile muzee alisema, nikamupa foto mukononi nikasema nionyeshe na kidole. Alisema "hapana, iko sawa, usijisumbue", nikasema mama nitaipiga bure, akanyamaza, kisha akaweka kidole. Munajua wapi?

Chini. Chini kabisa, pale foto inaishia.

"Viatu haiko."

Nilibaki nimefungua kinywa. Nimeikata ku kifundo cha mguu, tena siyo mahali pazuri, ni pale pale ku kifundo, kama vile katoto kamepandwa mu udongo. Akaniambia zile viatu, nyeupe zenye kakifungo ka fedha, mama yake mukubwa alizituma kutoka Butembo, zilifika Jumamosi usiku, mutoto alilala nazo ku mto. Akasema "nitaweka ku salon, dada yangu atakuja kuitembelea, ataangalia kadre, ataniuliza viatu nilituma bilienda wapi." Nguo yenye kuungua hakuisema. Macho flu hakuisema. Nikamuuliza ya bidon, akacheka, akasema "ile bidon ni ya nani mbona imewekwa pale", yaani ata hakuwa ameiona. (lushi, pole.)

Sasa nimefikiri usiku kwa nini nilikata viatu, na ni juu ya obyektifu ile ile. 50 mm ku hiyo Canon inakaza sana, parseli yao iko nyembamba, nilikuwa nimerudi nyuma mpaka mugongo umegusa mulango wa bati, haikuwa tena pa kurudi. Obyektifu yangu ingine, 18-55, yenye inaweza kuingiza vitu mingi, ilikuwa mu mufuko. Niliiacha mu mufuko juu haina f/1.8. Unaona yaya fundi, ulinipiga ku f/1.8 kwa sababu ya mwangaza na kumbe ile ile njo ilikata viatu.

fundi_mwanga (Goma, Himbi)

Njo vile. Kosa moja inazaa watoto.

Sasa usirudi kuipiga kiholela. Weka 18-55, simama pa ile milimita 30 na kitu, f/5.6. Usikae juu, piga magoti, aparei iwe karibu na urefu wa kifua chake, ukipiga kutoka juu viatu vitakuwa vidogo na kichwa kikubwa. Acha nafasi chini ya viatu, kama upana wa mukono, ili ata ukiingiza mu kadre mbao isimeze. Hiyo bantu banasahau: kadre inakula milimita kila upande. Pima mwangaza ku shavu, kisha angalia nguo mu kioo, kama inapepesa nyeusi imeungua, shusha. Piga RAW, ile faili nzima yenye aparei haijapunguza, siyo JPEG peke, utakuwa na kitu cha kurudisha. Na saa kumi na nusu, siyo saa sita, sasa huna misa ya kusingizia.

lushi_picha (Lubumbashi)

Sikasirike. Ila mi ningepiga moja na bidon, yako weye, usimupe mama.

mupiga_birere (Goma)

Tumepiga leo. Nimeweka ile mupya hapa chini pembeni ya ile ya zamani.

Mama alitoa kitenge yenyewe, ile ya bluu ya mafuta, tuliifunga ku misumari juu ya mawe. Kivuli ya bati, uso ku uwanja, saa kumi na nusu. Nilipiga magoti ku mawe, suruali imetoboka, hiyo ni mawe yetu. Niliona kweli yenye muzee alisema, nguo inarudisha mwangaza chini ya kidevu, yale mashimo ya macho ilienda. Dantela yote inaonekana, nilihesabu maua yake. Kitu moja tu: katoto hakakucheka vile kalicheka siku ya kwanza. Siku ile kalikuwa na furaha ya kweli, leo kalikuwa kanachoka na kanataka kwenda kucheza. Kwa hiyo ile ya zamani iko na kicheko bila viatu, na hii iko na viatu bila kicheko.

Mama amechukua ya viatu. Amechukua pale pale mu USB, anasema niitoe kesho. Na ile ya zamani aliniuliza kama naweza kumupa pia, ndogo, ya kuweka mu Biblia.

Na lushi, nilipiga moja na bidon. Nzima. Sitaiweka hapa bado.

muzee_wa_filimu (Bukavu, Kadutu)

Mukono wa kushoto umefichwa na mshumaa, vidole viwili tu vinaonekana. Mara nyingine geuza mshumaa kidogo. Kazi safi, mutoto wangu.

lushi_picha (Lubumbashi)

Kitenge iko na mukunjo moja inatoka ku kichwa yake kama antena. Pasi, mukubwa, pasi.

Neema_Nguba (Bukavu)

Mara hii nasema kweli, nimekuza mpaka mwisho. Kiatu cha kuume, kile kakifungo ka fedha. Hakajafungwa.

mupiga_birere (Goma)

NEEMA. Naenda kuangalia.

Yesu. Kweli hakajafungwa. Foto naitoa kesho saa mbili asubui.

fundi_mwanga (Goma, Himbi)

Kama uko na nyingine yenye kamefungwa, iko yenye uliipiga ya tatu ao ya nne, mbele katoto hakajaanza kukimbia. Angalia zote usiku huu.

mupiga_birere (Goma)

Moto umekatika. Batri iko 14%. Naangalia.